Upindo wa Kukulia

Kitinda hakuwa mtoto mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana mbele huko utatamani kumzaba kofi. Alikuwa mtoto wa mwisho tu, kaka zake walishaoa wakahama, baba yake dereva wa lori asiyekaa nyumbani, na kwa miaka mingi mama alikuwa wake peke yake. Alimzoea hivyo. Kisha akaja Chiriku.

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya kukanyaga kwa mguu upande wa dirishani, ya umeme inayokwama kila ikipata moto upande wa pili, meza ya kukatia katikati, na vipande vya uzi vilivyoganda kwenye soksi za kila aliyepita. Alishona sare za shule, na sifa yake mtaani ilikuwa upindo. Mafundi wengine walipinda sketi upana wa kidole wakamaliza. Yeye alikunja kitambaa kingi ndani, mkunjo juu ya mkunjo, akakishikiza kwa mkono kwa mishono myepesi inayofumuka bila kuumiza nguo. Aliuita upindo wa kukulia. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa wazazi walirudi na sketi zile zile, naye alifumua mkunjo mmoja, akaupiga pasi, sketi ikashuka ikamfuata mtoto alikofikia.

"Huu wa mwaka huu," alikuwa akisema, pasi ikifoka mvuke. "Na huu wa mwakani. Nimeshamwekea."

Mzazi aliyeleta kitambaa cha kubana, akataka sketi isiyo na upindo, aliulizwa swali moja tu: "Kwani mwanao hakui?" Wengi walirudi dukani kununua kitambaa kingine, huku wananung'unika.

Chiriku alikuwa binti wa mama mkubwa, dada yake fundi. Mama mkubwa alipata kazi ya kutunza wazee katika nchi ya mbali, akamleta bintiye kwa mdogo wake hadi mkataba uishe. Kwa ukoo huyo ni dada kabisa, wala si mgeni, na ndivyo mama alivyomwambia Kitinda: "Dada yako anakuja. Msogezee kabati." Jina la Chiriku alilipata kwa baba, siku aliyopita nyumbani na lori lake, kwa sababu msichana yule hakuwa na breki ya mdomo. Aliimba akifagia, aliimba akioga, aliongea na cherehani ikikwama na wakati mwingine cherehani ilimsikia.

Kitinda alimsogezea kabati. Moyo hakuusogeza hata kidogo.

Wivu una kazi nyingi, na Kitinda alizifanya zote kwa bidii. Aliangalia nani amemiminiwa chai kwanza. Aliangalia mama amecheka mzaha wa nani kwa muda mrefu zaidi. Akitumwa, aliuliza kwa nini yeye. Akitumwa Chiriku, aliumia kwa nini si yeye. Lakini kilichomkaba kooni hasa ilikuwa subana ya bibi, ile kofia ndogo ya chuma inayovaliwa kidoleni ili sindano isichome. Ilikuwa ya zamani, vishimo vyake vimelika, na mama aliiweka kwenye kopo la vifungo. Tangu Kitinda akiwa mdogo alikuwa ameahidiwa: ukiweza kushona upindo usioonekana kwa nje, ni yako. Alijaribu. Mishono yake ilikwenda kama mlevi anayetafuta kwake.

Chiriku alishika sindano wiki chache tu baada ya kufika, akashona upindo wa sketi nzima, na mama alipougeuza kwa nje hakuona kitu. Aliupeleka dirishani kwenye mwanga. Hakuona kitu. Wateja wakiwa wamejaa, alikwenda kwenye kopo akaitoa subana akamvisha kidoleni.

"Fundi mwenzangu huyo," akawaambia wateja.

Kitinda alikuwa anapanga vifungo. Alitabasamu, maana watu walikuwa wanamwangalia, kisha akaenda uani akalia kwa hasira hadi kamasi. Kwake ilikuwa kama ameibiwa mama mchana kweupe, na mwizi ameshangiliwa.

Sasa, habari ya sketi. Chiriku alifika wakati kitambaa cha sare kimeadimika madukani, kwa hiyo mama alichukua sketi mbili za Kitinda za zamani akaziunganisha kuwa moja. Ilikuwa sketi ya marinda, na mshono wa kuungia aliuficha ndani ya rinda la ubavuni, mahali ambapo hata mkaguzi wa shule angepita asiuone. Upindo wa kukulia aliuweka pia, mnene kama kawaida yake. Aliyejua siri ya rinda lile ni mama, Chiriku na Kitinda.

Darasani kwao, maana walisoma darasa moja, kulikuwa na dawati la nyuma ambalo ndilo lililotawala darasa. Lilikuwa la kiranja, msichana mwenye simu nzuri na kicheko ambacho wenzake walikisubiri kwanza ndipo nao wacheke. Kitinda alitamani kukaa pale tangu zamani. Siku moja wakati wa mapumziko kiranja alimtazama Chiriku akipita, akamwambia Kitinda, "Dada yako sketi imemkaa bwana! Yako mbona inakupwaya? Mama yenu anampenda yeye nini?"

Kiranja alisema tu, hakujua alipogusa.

"Mnaisifia ile?" Kitinda akasema. "Ni viraka vyangu vya zamani. Fungueni rinda la ubavuni muone."

Wakaenda kufungua.

Kuanzia hapo Chiriku akawa Kiraka. Kwanza yalikuwa mambo ya kucheka: mtu akikosa kitambaa cha kufutia ubao, anaambiwa amwombe Kiraka akate kipande. Kisha wakaanza kumvuta rinda kila akipita, mbele ya wavulana. Kisha ikapigwa picha, ikasambazwa kwenye simu za shule nzima, na chini ya picha watu wakaandika mengine. Kwamba mama yake naye alimkata akamtupa. Kwamba hata huko alikotupwa amebanwa tu pembeni, hakuna aliyemtaka. Dawati lake likabaki la mtu mmoja. Aliyekaa naye leo, kesho alihama.

Kitinda alihamia dawati la nyuma. Walimsogelea wakampa nafasi, na kila walipocheka alicheka. Tusimwonee, kuna siku kicheko kilimkwama. Ilikuwa siku ile ya maneno kuhusu mama mkubwa. Lakini dawati lilikuwa tamu, na nyumbani subana bado ilikuwa kwenye kidole kisicho chake, basi akameza.

Chiriku hakusema lolote nyumbani. Aliacha kuimba akifagia. Kisha akaacha kuimba akioga. Cherehani ikikwama alikaa akaitazama hadi mama aje. Kwenye chakula aligusagusa, akasema ameshiba.

"Mwenzako ana nini?" mama alimuuliza Kitinda.

"Sijui. Labda amemkumbuka mama mkubwa."

Mama aliridhika na jibu hilo, kwa sababu aliyetoa jibu alikuwa mwanawe na alilala chumba kimoja na huyo mgonjwa. Na Kitinda, aibu iliyoje, jioni hizo alizifurahia. Mama alianza tena kucheka mizaha yake.

Likizo ilikuja, ikaenda nusu. Ndipo Chiriku alipobadilika. Asubuhi moja aliamka akamkabidhi Kitinda vibanio vyake vya nywele vyote, hata vile vyenye maua alivyotumiwa na mama yake. Kesho yake shuka lake zuri. Kisha, wakiwa wawili tu karakanani, alivua subana akamwekea Kitinda kiganjani.

"Yako," akasema. "Tangu mwanzo ilikuwa yako."

Kitinda alitafuta ujanja ndani ya maneno hayo asiuone. Alikunja ngumi haraka kabla mwenzake hajabadili mawazo. Hakuuliza kwa nini. Mtu aliyeshinda haulizi kwa nini ameshinda. Siku nzima alivaa subana hata alipokuwa anakunywa maji.

Na Chiriku siku hiyo aliimba. Aliimba polepole akikunja nguo zake, uso umetulia, na mama alisimamisha cherehani kusikiliza. "Mwanangu amepona," akasema, machozi yakimlengalenga. Kitinda alisikia neno mwanangu, na pamoja na subana kidoleni, likamchoma.

Ilikuwa ile wiki ya zogo, shule ziko karibu kufunguliwa, sketi za watu zimejaa hadi juu ya kabati. Mama aliwaita wasichana wake nao wapimwe. Kitinda akasimama kwenye kigoda, akageuzwa huku na huku. Zamu ya Chiriku ilipofika, alitikisa kichwa.

"Yangu usiishushe, mama mdogo. Iache tu."

"Utaonyesha magoti?"

"Una kazi nyingi. Iache."

"Angalieni mtoto huyu anavyonihurumia!" Mama alimbusu kichwani, akabeba furushi la sare, akatoka kulipeleka kwa mteja wake mwenye duka sokoni. Chiriku akasema kichwa kinamuuma kidogo, anakwenda kujilaza kwenye chumba cha vitambaa, kule nyuma, ambako kuna kimya.

Kitinda akabaki na subana yake na mawazo yake, na mawazo yalikuwa haya: amebusiwa tena. Amekataa kushonewa, akapewa busu. Basi yeye atafanya kubwa zaidi. Atashusha upindo wa sketi ya Chiriku mwenyewe, kwa mkono wake, mama akirudi aikute imepigwa pasi. Tuone nani atabusiwa.

Akaichukua sketi ya Chiriku, akaigeuza nje ndani, akatafuta mkunjo wa kufumua.

Hapakuwa na mkunjo.

Chini ya sketi palikuwa na upindo mwembamba wa kidole kimoja, kama wa mafundi wengine. Kitambaa chote cha mwaka huu na cha mwakani kilikuwa kimekatwa, kikanyooshwa, pakashonwa upya kwa mishono isiyoonekana. Kitinda alijua mishono ile ni ya nani. Akakimbilia sketi yake mwenyewe iliyokuwa kwenye meza, akaigeuza. Upindo wake ulikuwa mnene kupita alivyouzoea. Aliupapasa kwa vidole hadi akaupata mshono wa kuungia. Kitambaa cha Chiriku kilikuwa ndani ya sketi yake, mkunjo juu ya mkunjo. Alikuwa amewekewa miaka yake na miaka ya mwenzake.

Alisimama pale na zile sketi mbili. Mtu mwingine angeona ni zawadi ya ajabu, akasema asante. Lakini Kitinda alikuwa mtoto wa fundi, amelelewa chini ya meza ile. Kila mwaka alimsikia mama akiuliza wateja swali lile lile. Kwani mwanao hakui? Na katika nyumba ile hakuna mtu angekata upindo wa kukulia wa nguo yake, labda awe ameshaamua kwamba hatakua.

Vibanio. Shuka. Subana. Zile nyimbo za polepole, nguo zikikunjwa kama za mtu anayesafiri.

Alikimbia ukumbini akigonga mabega ukutani, akafika mlango wa chumba cha vitambaa. Mlango haukuwa na kitasa cha kufunga kwa ndani, lakini ulipoguswa haukusogea. Chiriku alikuwa amekaa chini, ameuegemea.

"Chiriku. Fungua."

"Niache nilale."

"Nimeiona sketi."

Kitinda naye alikaa chini, akaegemeza mgongo mlangoni upande wake. Akauliza neno ambalo hakudhani mdomo wake ungelitoa, akaliuliza wazi, bila kulizungusha.

"Unataka kufa?"

"Sijui," Chiriku akasema. "Nimechoka tu. Nataka iishe."

"Umefanya chochote? Umekunywa kitu, umejiumiza?"

"Hapana. Bado."

Lile bado lilimtosha. Simu ilikuwa karakanani na yeye hakuthubutu kuuacha mlango. Akapaza sauti kupitia dirisha la ukumbini, kwa jirani anayetengeneza viatu kibarazani kwake. "Fundi viatu! Mpigie mama aache kila kitu arudi! Sasa hivi!"

"Umeunguza sare ya watu?" fundi viatu akauliza.

"Nimefanya kubwa kuliko hilo! Piga!"

Kisha akarudi kuegemea mlango. Nyuma yake Chiriku alikuwa ameanza kulia, kilio kidogo cha kujibana.

"Usimwambie mama mdogo. Nakuomba. Atamwambia mama, na mama ataacha kazi. Ukimwambia sitakusemesha tena maisha yangu yote."

"Bora usinisemeshe."

"Najua ni wewe uliyewaonyesha rinda."

Kitinda alifumba macho. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Tulioujua mshono ni watatu. Mimi sikusema. Na mama mdogo hasomi darasani kwetu."

"Sasa mbona umenipa kitambaa chako? Mbona hukunichukia?"

"Nilikuchukia." Chiriku alivuta kamasi. "Halafu nikachoka na hilo pia. Ulikuwa unataka niondoke. Nikasema basi."

Kitinda alitaka kusema hapana, sikutaka hivyo. Lakini alikuwa ametaka. Hakuwa ametaka hivi, ila kila asubuhi alikuwa ametamani kitanda cha pili kiwe kitupu, na sasa alikiona kitupu kweli. "Nilikuwa na wivu," akasema. "Nina wivu hata sasa hivi nikizungumza na wewe. Ni ugonjwa wangu, si kosa lako. Usiende popote. Nitauambukiza mlango huu hadi ufunguke." Ulikuwa mzaha mbovu kabisa. Upande wa pili, kilio kilikatika kidogo, kikaendelea.

Mama aliingia na vumbi la sokoni, kiatu kimoja mkononi. Na hapo ndipo Kitinda alipopata njia ya kupona nusu. Angeweza kusema, mama, Chiriku ana mawazo mabaya, akanyamaza, akabaki mtoto aliyeokoa. Angebusiwa. Alisema nusu hiyo ya kwanza, akaona uso wa mama unavyobadilika. Kisha akasema nusu ya pili: rinda, dawati la nyuma, jina la Kiraka, na nani aliyelianzisha. Alikuwa akilia, lakini hakuruka kitu.

Mama hakumpiga. Alimsogeza kando kwa mkono, taratibu, kama mtu anavyosogeza kiti. Akakaa chini palepale alipokuwa amekaa Kitinda, akauegemea mlango.

"Fungua, mwanangu," akasema. "Sina haraka. Nitakaa hapa hata shule zifunguliwe."

Mlango ulipofunguka, alimkumbatia Chiriku kwenye sakafu, kati ya majora ya vitambaa, akamwambia kwamba hatabaki peke yake leo wala kesho. Kisha, bila kugeuza kichwa, akamwambia Kitinda, "Kafunge karakana."

Wiki ya zogo, sketi za watu hadi juu ya kabati, na fundi akafunga.

Walikwenda kituo cha afya siku ile ile, na baadaye wakarudi mara nyingi, kwa muuguzi mmoja mnene mpole anayezungumza na vijana mlango ukiwa umefungwa. Mama mkubwa alipigiwa simu. Alilia, akataka kupanda ndege, akazuiwa, na tangu hapo alipiga kila siku hata kama ni kuuliza wamekula nini. Mama alikwenda shuleni na Kitinda pembeni yake, na mbele ya mwalimu mkuu, kiranja na mzazi wake, Kitinda alirudia yote tena. Picha zilifutwa, kiranja akavuliwa ukiranja, na dawati la nyuma likamfukuza Kitinda kwa majina ambayo hayafai kuandikwa. Alikaa mbele kabisa peke yake, akajifunza mapumziko yanavyokuwa marefu. Alistahili, na alijua.

Nyumbani mama alimpikia, akamfulia, akamwuliza kama amemaliza kazi za shule. Hakumcheka mzaha wowote. Kitinda alipomwomba msamaha, alimjibu akitunga uzi kwenye sindano, "Si mimi wa kuombwa."

Mwenye kuombwa alikuwa hasemi naye. Chiriku alibaki nyumbani kwa muda, kwa ushauri wa muuguzi, akilala, akiamka, akishinda karibu na cherehani ya mama. Na Kitinda kila alasiri alikaa kwenye kona ya karakana akifanya kazi aliyojipa: kufumua kitambaa cha Chiriku kutoka kwenye sketi yake na kukirudisha kilikotoka. Mama hakumsaidia. Alikosea, akafumua, akakosea tena. Subana hakuivaa, aliirudisha kwenye kopo la vifungo, na sindano ilimchoma vidole vyote.

Siku aliyomaliza, aliiweka sketi mezani mbele ya Chiriku. Upindo ulikuwa umerudi, mnene, wenye makunyanzi, na mishono iliyoonekana hata kutoka mlangoni. Chiriku aliigeuza nje, akaigeuza ndani.

"Umeshona vibaya," akasema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwake tangu ule mlango.

"Najua."

"Vibaya mno. Siwezi kuivaa hivi. Mwakani ikishushwa itachanika." Chiriku alivuta kiti, akaketi, akaanza kufumua, shavu likiwa limevimba kwa kuudhika. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, bila kumtazama.

"Subana yangu iko wapi? Nipe."

Mama alisimamisha cherehani. Kitinda aliingiza mkono kwenye kopo, akaitafuta kati ya vifungo, akaipata. Ilikuwa baridi na ndogo, vishimo vimelika, na alipoishika wivu wa zamani uliamka tena, uleule, maana aliitaka subana ile na angeitaka hadi uzeeni.

Akaiweka kwenye kiganja cha dada yake, akamsogezea taa.